Wasomi wa Kiti Kimoja

Mshonaji alipopanda basi kutoka mahakamani, moyo ulimlipuka paa! Wakili wake ameketi bega kwa bega na wakili wa jirani yake wanayeshtakiana naye kwa sababu ya ukuta, wanagawana karanga. Na asubuhi ileile, mbele ya hakimu, walikuwa hawapikiki chungu kimoja. Akakaa nyuma yao, akatega sikio.

“Msomi mwenzangu, leo umenibana kwelikweli,” wakili wake alisema.

“Hamia kwetu basi, bwana. Kampuni kubwa, ghorofa ya vioo, lifti mpaka juu.”

“Kwenu kesi moja mnaigawana mawakili kumi kama kuku wa wageni, huyu paja, yule kipapatio. Mimi yangu naila peke yangu mpaka mifupa.”

“Ndiyo maana umekonda!”

Mshonaji alikuwa amekuja na hasira zake zote, lakini kicheko kikamponyoka.

Basi liliposimama, wasomi hao wa sheria wakashuka wakibishana. Ndipo akamwona jirani yake kiti cha pembeni, naye anacheka.

“Umewasikia?” mshonaji alimwuliza.

“Nimewasikia, dada.”

Tangu ukuta ule ujengwe, hayo ndiyo yalikuwa maneno yao ya kwanza yasiyopitia kwa wakili.