Papa Mwaba Hakufungua Lango

Tarehe 30 Juni mwaka huu, baada ya miaka ishirini na saba ya utumishi, Bwana Anselme Mwaba, mkuu wa walinzi wa maeneo ya ujenzi katika kampuni yetu, anastaafu. Katika maeneo yote aliyoyalinda hapa Lubumbashi, hakuna mtu aliyepoteza uhai. Nusura mwaka huu tushindwe kuiandika sentensi hiyo.

Alianza kazi kama mlinzi wa zamu kwenye ujenzi wa ghala moja huko Kampemba. Wezi wa mchanga walimfahamu mapema. Kila jioni alinyunyiza chokaa juu ya rundo la mchanga, na asubuhi palipochotwa palionekana wazi.

Hakuwa mtu wa kubembeleza. Katika mtaa wa Golf, familia ya mwenye nyumba ilileta wachungaji wawili kuuombea msingi. Bwana Mwaba aliwavika kofia ngumu kwanza, akawaeleza kwa heshima kwamba Mungu husikia hata chini ya plastiki. Waliomba, tena kwa sauti kubwa.

Desturi yake moja ilitukera wengi. Kila mfanyakazi aliyeingia alivua shati lake la nyumbani mbele ya kibanda cha lango, akalitundika kwenye msumari wake, ndipo akavaa nguo za kazi. Alilichukua wakati wa kutoka. Kwa njia hiyo hakuna aliyeficha nyaya chini ya nguo, na mlinzi alijua ni nani bado yumo ndani.

Mwezi Machi, huko Bel-Air, tulimwaga zege la ghorofa ya kwanza. Siku kama hiyo mwenye jengo hulisha watu wote. Wafanyakazi walikula bukari, ule ugali wetu, na nyama ya mbuzi, wakaruhusiwa kwenda nyumbani mapema. Kisha likaja lori la udongo, kujaza mtaro mrefu uliokuwa nyuma ya jengo.

Bwana Mwaba hakulifungulia. Shati la Elisée, msaidizi wa waashi, lilikuwa bado limetundikwa. Wenzake waliokuwa wakiondoka walicheka, wakasema ameshiba mpaka akasahau kubadili nguo. Muhindo, dereva wa lori, alipiga honi hata majirani wakatoka nje.

"Papa, fungula mulango! Ile ni shati, hapana muntu!"

"Basi mwenyewe iko wapi?" alijibu Bwana Mwaba, akatia funguo mfukoni, akaenda kumtafuta.

Alimkuta ndani ya mtaro uleule, amejifunika mbao mbili kukwepa jua, amelala fofofo. Alipoamshwa, Elisée aliuliza kama nyama imebaki. Muhindo alizima injini, akashuka, akaketi chini kando ya gurudumu. Aliposimama, alimshika Bwana Mwaba mkono kwa mikono yake miwili.

Jumapili iliyofuata Mama Benita, mzazi wa Elisée, alileta jogoo mzuri mwekundu. Bwana Mwaba alitoka nje ya lango kumpokea, kwa kuwa mifugo hairuhusiwi ndani.

Nafasi yake inachukuliwa na Bi Plamedie Kangwa, aliyefundishwa naye mwenyewe. Ameihifadhi desturi ya mashati. Malalamiko juu ya desturi hiyo hatuyapokei tena.

Tunamshukuru pia mkewe, Mama Ngalula, aliyezoea kula chakula cha jioni peke yake huku mumewe akilinda nyumba za watu wengine. Tunamrudishia mume wake akiwa mzima.

Papa Mwaba, kampuni nzima inakushukuru na kukuombea miaka mingi ya furaha na afya. Kaa, ule chakula kingali moto. Ukishtuka na kujiuliza kama yupo aliyebaki ndani, tulia. Watu wako wote wametoka salama.