Mzee Oketch Alivyochagua Klachi Badala ya Ng'ombe

Mzee Nashon Oketch alistaafu rasmi tarehe 30 Septemba, baada ya kuitumikia gereji ya kiwanda chetu cha chai kwa miaka thelathini na mmoja. Mameneja walikuja wakaenda, lori zilikuja mpya zikauzwa kama chuma chakavu, na yeye alikuwa pale pale chini ya gari, miguu nje. Wengi wetu tulizijua soli za viatu vyake kabla ya kuijua sura yake.

Mimi Calvince wa upande wa rangi na bodi nimepewa heshima ya kumwandika. Shule niliiacha mapema, hilo silifichi, lakini nimefika Juba, Goma na Mwanza, na huko kote sijakutana na fundi wa kumfikia huyu. Na watu wa Juba wanajua gari, msidanganywe.

Alitoka Kendu Bay akiwa kijana mwembamba, akaandikwa kazi ya kupakia majani. Siku moja lori lilizimika mlimani likiwa limejaa majani mabichi, na majani yakikaa kwenye magunia huanza kuchemka yenyewe. Dereva alikimbilia Litein kutafuta fundi. Aliporudi na fundi wake, alikuta injini inanguruma na Oketch amelala juu ya magunia kama mwenye lori. Kesho yake alihamishiwa gereji, na hakuna aliyethubutu kumrudisha kwenye magunia.

Adui yake mkubwa alikuwa dereva wa nusu klachi. Nyote mnamjua: amefika kituo cha kununua majani, foleni imesimama kwenye mteremko, naye badala ya kuvuta handibreki anashikilia lori kwa klachi huku akisimulia habari za mpira. Mzee aliweza kunusa klachi iliyoungua kutoka getini na kutaja jina la dereva kabla hajaliona gari. Zile sahani za klachi zilizoungua alizitundika ukutani, kila moja ina jina la mwenyewe kwa chaki. Omariba, dereva wetu mashuhuri, anazo nne. Anasema mbili ni za kusingiziwa.

Kwa kila klachi mpya aliyofunga, mzee alikuwa na neno lake moja. Alisema klachi mpya ni kama ng'ombe uliyemnunua leo: humkamui siku anapofika, unamwacha kwanza alijue boma. Alimaanisha uende nayo polepole, usimame, uondoke, usimame tena, bila mzigo na bila mbio, kwa wiki mbili tatu, mpaka sahani na chuma chake zizoeane. Hata meneja mwenyewe alihubiriwa neno hilo akiwa na suti, na akatii.

Basi mwezi wa Agosti kamati ya zawadi, chini ya Dorine wa ofisi, ilimwita mzee. Hapa kwetu anayestaafu huchagua ng'ombe au tangi la maji, na Dorine alishaanza kuulizia mtamba wa Friesian huko Bomet. Mzee akasema asante, lakini yeye anataka klachi ya mashindano, ile inayofungwa kwenye gari za rally, aiweke kwenye gari yake ya manuali. Dorine alidhani amechoka. Lakini sisi wa gereji tulielewa. Injini ya ile gari aliiongezea nguvu mwenyewe, ikawa klachi ya kawaida inateleza ikikutana na mlima na mzigo pamoja. Na mzee alikuwa ametuapia miaka mingi kwamba siku ya kuondoka atapanda mlima wa geti na vitu vyake vyote ndani, kwa pumzi moja, vumbi litutie adabu. Mkewe, Mama Beldina, alikubali. Alisema angalau klachi haili majani ya nepia.

Hapo sasa ndipo palipokuwa na jambo. Tangu mwanzo wa mwaka meneja alikuwa amemwomba mzee ataje mtu wa kumwachia gereji. Asipotaja, gereji ingefungwa na gari zote zingepelekwa mjini. Sote tulimtazama Chepchirchir, ambaye amekuwa mkono wake wa kulia tangu alipotoka chuo cha ufundi, na ambaye humwita Japuonj, yaani mwalimu, neno la Kijaluo alilolipata hapo hapo chini ya lori. Mzee alikataa kutaja. Alisema hampi mtu gereji kwa kumhurumia, ataona kazi kwanza. Na kwa kuwa kwetu mstaafu hagusi kazi ya zawadi yake, klachi ikawa ya Chepchirchir, na mzee akawekewa kiti.

Jamani, kile kiti kilimtesa. Chepchirchir alishusha giaboksi, akapeleka flaiwili, kile chuma cha mviringo kinachobanwa na sahani, ikachongwe iwe sawa kama kioo, akaifuta mafuta mpaka kitambaa kikarudi kisafi. Alilenga sahani katikati kwa shafti ya giaboksi ya zamani, akakaza bolti kwa msalaba, kidogo kidogo, akabadilisha na bearingi. Halafu akarekebisha kebo mpaka pedali ikawa na ule mchezo mdogo wa mwanzo kabla haijaanza kusukuma. Mzee alikohoa kila bolti, lakini hakupata kosa. Mama Beldina alijaribu pedali akasema hiyo inataka mguu wa beki wa timu ya Gor.

Siku ya kuondoka ikafika, na watu wa kiwanda hawana kipimo kwa zawadi. Viazi, mahindi, majani ya chai, vibuyu vya maziwa ya mursik, kuku watatu, godoro juu. Gari ikakaa chini kama kuku anayeatamia. Mzee akaingia na koti lake jipya, akawasha, akakanyaga mafuta kwa majaribio. Watu wote pale getini tukashangilia. Mimi nilishangilia kuliko wote.

Chepchirchir akatembea akasimama mbele ya boneti. Alimwambia mzee, kwa adabu lakini kwa sauti ya kusikika, kwamba hiyo klachi imefungwa jana, na ng'ombe aliyefika jana hakamuliwi. Kisha akafungua mlango wa nyuma akaanza kushusha viazi.

Mnajua kwetu. Msichana kumshushia mzee mizigo siku yake ya heshima, mbele ya wakubwa, si jambo dogo. Omariba alinong'ona kwamba huyu amejifukuza kazi mwenyewe. Mama Beldina peke yake ndiye aliyetoka akamsaidia na kuku. Mzee alikaa ndani ya gari ameshika usukani, akautazama ule mlima alioungoja miaka yote hiyo. Kisha akazima injini, akatoka, akachomoa funguo za gereji mfukoni. Hakumpa meneja. Alizivisha kwenye kidole cha Chepchirchir, kwa sababu mikono yake ilikuwa imejaa gunia.

Wako wanaosema mzee alikuwa anampima. Mimi nimefanya naye kazi, najua alikuwa amesahau kwa furaha. Na ndiyo maana zile funguo zina uzito.

Mizigo ilipanda lori la Omariba. Mzee akaupanda mlima wa geti polepole, akipitwa na bibi mwenye kikapu. Litein ilikuwa siku ya soko, akasimama na kuondoka, akasimama na kuondoka, na sisi nyuma yake tukipiga honi mpaka Kapkatet. Sijawahi kuona msafara wa heshima uendao polepole vile, hata wa marais.

Japuonj, asante kwa kila gari uliyoifufua na kila dereva uliyemwaibisha kwa faida yake. Wewe na Mama Beldina mle mkashibe, na upepo wa ziwa uwe mwema kwa magoti yako. Chepchirchir anasema kufikia mwisho wa Oktoba klachi itakuwa imelijua boma. Rudi basi, na mzigo wako wote. Mlima wa geti tumekuwekea.