Miguu Niliyopaka Vumbi

Jumuiya yangu, nawasalimu katika Kristo. Niruhusuni niseme nimekaa, magoti yangu mnayajua. Waliomo katika habari hii majina yao ninayo yote, ila sitamtaja mtu. Kosa ni langu.

Mnajua desturi yetu ya hija mwezi wa rozari, kwa miguu kutoka Nachingwea mpaka Ruangwa. Mgonjwa anampa mtu kanga yake, naye anatembea kwa niaba yake. Akirudi, mgonjwa anamwosha miguu. Mwaka juzi wifi yangu, aliyepooza upande mmoja, alinipa ya kwake.

“Wifi, usinikanyagishe miiba huko,” akanitania.

Siku ya pili jua lilinishinda. Nikajifanya nachimba dawa, wenzangu wakatangulia. Ikapita bodaboda. Ndugu zangu, nawaambia, nilipanda na kanga ya mgonjwa mwilini! Tulipowapita wenzangu nilijifunika uso kwa kanga hiyohiyo. Karibu na groto, lile pango la Mama Maria tunakohiji, nikashuka, nikajipaka vumbi mpaka magotini, nikajificha kichakani. Walipofika nikajichomeka katikati yao, naimba kuliko wote.

Nyumbani wifi aliniosha kwa mkono wake mmoja mzima, kidole kwa kidole. Mimi namsimulia mawe na miiba!

Tangu hapo nikawa namkwepa. Hata kukomunika nikashindwa. Nikaenda kuungama, na padri akaniambia, “Bibi, nenda na kwa mwenyewe.” Kwa Mungu nilithubutu. Kwa wifi nilizunguka nyumba mara tatu.

Nilipomwambia, alicheka kwanza. “We mwanamke! Visigino laini kama vya mwali, nisijue?” Kisha akalia. “Pikipiki haijaniuma. Imeniuma ile miiba uliyonisimulia.”

Mwaka jana nikaomba kanga tena. Akaninyima. Nikatembea na yangu, njia nzima, namwombea yeye. Nilirudi na malengelenge, na hakuna aliyeniosha.

Nawashukuru kina mama waliopunguza mwendo mwaka jana kwa ajili yangu, na padri. Namshukuru wifi, aliyejua tangu siku ile asinitangaze kwenu.

Ukichoka njiani, panda pikipiki, Mungu anaujua umri wako. Ila ukifika sema, “Nilipanda.” Ningesema hivyo siku ile, wifi angeniosha huku ananicheka, na leo angenipa kanga yake.