Mtani Aliyefutwa Msibani

Mwenyekiti, akina mama, na ninyi wa nyuma mnaoliangalia birika la chai kuliko mnavyoniangalia mimi, amani iwe kwenu. Nimeambiwa nieleze hapa kikundini nilivyoanguka na nilivyoinuka. Majina sitayataja, maana wengine wamo humu ndani.

Mnaniona natembelea gongo. Nilianguka kutoka juu ya lori la korosho nikiwa kijana, nyonga ikavunjika, shamba likanishinda. Miaka ile ya elfu mbili na kitu, mtandao ulipofika Nachingwea, shemeji yangu akanipa kazi kwenye chumba chake cha kompyuta. Humo nikalijua jukwaa la watu wa kusini. Mtu anabandika linki ya habari, labda bei ya korosho, labda msiba, na wengine wanachangia chini yake. Mama wa Mnero mwenye mtoto Dar es Salaam anakuja kunipa maneno yake, mimi naandika, jibu likija namsomea. Ndugu zangu, nawaambia, mtu asiyeweza kushika jembe alikuwa anasubiriwa mlangoni asubuhi. Nilijiona mtu tena.

Siku moja ikabandikwa linki ya tangazo la msiba. Mzee mmoja wa Malolo, mtega panya maarufu, amefariki, na mzee yule ni mtani wangu, ukoo wake na wangu zinataniana tangu mababu. Kwetu mnajua, mtani ndiye anayevaa kanzu ya marehemu akamwigiza anavyotembea, ndiye anayeingia kaburini akagoma kutoka mpaka apozwe kwa kupewa kitu. Asipofika, msiba unapooza. Mimi nyonga ilikuwa inauma na mvua zimekata njia, sikuweza kwenda. Nikasema basi, nitamtania hukuhuku. Nikaandika: "Panya wa Malolo leo wanalala salama, adui yao kaondoka. Mzikeni na mtego wake, asije akaurudia." Niliandika huku nalia. Lakini machozi hayaonekani kwenye kompyuta, ndugu zangu. Hilo sikuliwaza.

Mtoto wa marehemu, aliyezaliwa na kukulia Dar, akasoma akawalalamikia wasimamizi wa jukwaa. Wakayafuta maneno yangu, wakanifungia, wakatangaza kwamba nimemtukana maiti. "Braza, umekula ban," vijana wa pale chumbani wakaniambia.

Wasimamizi wale sitawasema vibaya. Walikuwa wanajitolea tu, na kabla yao jukwaa lile lilikuwa la kuumizana. Binti za watu walitukanwa mle mpaka wakaogopa kutoka nje. Sheria ilihitajika, ningekuwa mimi huenda ningefuta vilevile.

Ila mama zangu wakaacha kuja. Nani ampe siri zake mtu anayetukana maiti? Shemeji akanihamishia kwenye fotokopi, baadaye akaniambia nipumzike nyumbani kwanza. Nikajifungia ndani. Nilifika mahali pa kukataa chakula, na hilo nalisema wazi kwa sababu humu wamo wenzangu waliofika huko.

Mjane wa yule mzee alipomaliza eda, akapanda gari akaja mpaka kwangu. Nikajua amekuja kunilaani. Hata kiti alikikataa.

"We kiguru usiye na haya," akasema, "mume wangu kazikwa kimya kama mtu asiye na watani. Ulikuwa wapi?"

Nikamwambia nilimtania kwenye mtandao, wakafuta.

"Ulisemaje?"

Nikamweleza habari ya panya na mtego. Mama yule alicheka mpaka akashika ukuta, halafu akalia, na mimi nikalia naye. Hapo ndipo tulipomlilia mzee wetu.

Akanikokota mpaka chumba cha kompyuta, akaamuru tuandike kwa akaunti ya shemeji: "Mimi ndiye mjane. Huyo mbwa mliyemfungia ni mbwa wangu, nifungulieni." Wasimamizi wakaifuta na hiyo, na shemeji naye akafungiwa. Chekeni tu, shemeji mwenyewe hakucheka.

Ikabidi mama ampigie mwanawe simu, amfundishe utani ni nini.  Yule kijana mwenyewe akamtafuta msimamizi, na msimamizi akampigia mama.

"Mama, sisi tuko mbali. Tutajuaje lipi ni utani na lipi ni tusi?"

"Si uniulize mimi niliyetaniwa?"

Wakatufungulia, na kwenye sheria zao wakaongeza kwamba maneno ya msibani hayafutwi kabla wafiwa hawajaulizwa. Mama zangu wa Mnero wakarudi, nami nikarudi mezani.

Namshukuru shemeji, aliyenipokea tena baada ya kuponzwa na mimi. Nawashukuru wasimamizi waliokubali kujifunza. Na ninyi mnaosimamia watu, hapa kikundini au majumbani kwenu, ulizeni kwanza kabla ya kumtoa mtu.

Yule mama naye ametangulia. Safari hii nilifika Malolo na gongo langu, nikalala kaburini nikagoma mpaka wakanipoza kwa kuku. Niliporudi Nachingwea nikaandika jukwaani kwamba ahera sasa hakuna atakayelala, mwenye kelele amewasili. Mgeni mmoja akalalamika, akataka nifutwe. Kabla wasimamizi hawajafika, mtoto wa marehemu, yuleyule wa Dar, akamjibu: "Huyu ni mtani wetu. Msimfute, analia."