Daktari Aliyepima Kichwa cha Bama

Benchi letu lilikuwa nyuma ya stesheni ya Voi: taruma, lile gogo la chini ya reli, juu ya mawe mawili. Kila asubuhi walikaa hapo watatu. Kituku, tarishi mstaafu, tulimwita Kanuni. Maundu alifagia mabehewa, kwa hiyo aliitwa Injinia. Mwandawiro alipigana na Wajapani kule Burma, sisi tukiita Bama, akabaki na jina hilo. Reuben, muuza kahawa, aliwamiminia. Mwaka ule wa 1951 alikuja daktari kuwapima askari wa zamani walioomba malipo kwa maradhi ya vita. Bama aliomba kwa ajili ya kichwa chake. Asubuhi moja akawaambia wenzake kwamba jana yake daktari alimwambia ni mzima. Kama ana la kuongeza, aliseme kabla daktari hajapanda garimoshi la mchana.

— Alikupima vipi? Kanuni akauliza.

— Aliniambia nitoe ulimi, Bama akasema. Kisha nihesabu mpaka ishirini. Nilipofika, akasema sina neno.

— Mbuzi wangu hafiki hata mbili na ni mzima kabisa, akasema Injinia.

— Huyo si daktari wa vichwa, Kanuni akasema. Nimebeba mafaili miaka kumi na tisa, nawajua. Wa vichwa hubeba nyundo ndogo.

— Huyu alikuwa na kioo kidogo chenye mpini, Bama akasema.

— Hicho ni cha meno, akasema Reuben. Nilitiwa kama hicho mdomoni kule Mombasa.

— Sasa mnamwonea bure, akasema Injinia. Jino lina mzizi. Mzizi wa jino la juu unaelekea wapi? Juu. Na juu kuna nini? Ubongo. Huyo anauona ubongo kwa chini, kama mimi ninavyolijua behewa.

— Behewa wewe unalifagia tu, bwana, Kanuni akasema.

— Fagia kitu miaka sita uone kama hutakijua.

Kanuni akashusha sauti.

— Dereva wake kaniambia. Wiki jana walikuwa Kishushe, kwenye ng'ombe. Alipima mia mbili kabla ya chakula.

Bama akaweka kikombe chini polepole.

— Ndiyo maana alinipapasa hapa mabegani.

— Alikuwa anatafuta nundu, Kanuni akasema.

— Basi umepata mtaalamu, ndugu yangu, Injinia akasema. Ng'ombe hushtuka, ng'ombe huota. Wa mjomba wangu aliota akapiga teke ukuta wa jirani.

— Jirani alikuwa wapi? Reuben akauliza.

— Ndani. Ndiye aliyetuambia kwamba ng'ombe alikuwa amelala.

Hapo mama mmoja wa Mbololo, Priscilla, akaomba nafasi akae na ndizi zake angoje garimoshi. Hata hajainywa kahawa aliyompa Reuben, injini ya mizigo ikapiga honi. Reuben akachukua kikombe cha Bama. Kanuni akamvua kofia Bama. Injinia akainua miguu. Bama alikuwa tayari chini ya benchi, mikono kichwani, anatetemeka. Mabehewa yakapita. Bama akatoka, akapewa kofia, akapewa kikombe.

— Kama nilivyosema, Kanuni akaendelea, ile nundu...

— Samahani, baba, akasema Priscilla. Huyu hufanya hivi mara ngapi?

— Kila garimoshi, mama, akajibu Reuben.

— Na nyumbani?

— Amechimba handaki nyuma ya jiko. Mkewe Wakesho amepanda mihogo humo.

— Daktari alimpimia wapi?

— Bomani, mama. Kule hakuna reli.

Priscilla akawatazama mmoja mmoja.

— Na nyinyi mnaomshikia kikombe kila siku, ni nani kati yenu aliyekwenda kumwambia daktari?

Kanuni akakuna kidevu. Injinia akatazama miguu yake, ambayo bado ilikuwa juu. Reuben akainamisha dele la kahawa, halikutoka tone.

— Daktari anapanda daraja la kwanza, Injinia akasema mwishowe. Najua linaposimama. Nalifagia. Honi ikilia, ataona mwenyewe.

Wakalibeba taruma la benchi, Kanuni na Injinia mbele, Reuben nyuma, na Bama akifuata na ndizi za mama.

— Na kikombe changu atakishika nani? Bama akauliza.

Wakaliweka benchi juu ya mawe kando ya reli, pale Injinia alipoonyesha. Bama akakaa katikati. Kulia kwake wakaacha nafasi ya mtu mmoja, na Reuben akaweka hapo kikombe kitupu. Kisha wakamwona daktari anakuja na mkoba wake, na wote watatu wakasogea kumpisha aketi.