Gibson Mshana na Sahani Zake Thelathini na Moja

Mchungaji, wazee wa usharika, ndugu wa Usangi na wa Bukoba, majirani zetu wa Kimara: tunayemsindikiza leo ni Gibson Elibariki Mshana, mkwe wangu. Wasifu huu ulikuwa usomwe na kaka yake, Elinaza, na alikwisha kuuandika vizuri, kurasa mbili. Nilimwomba aniachie nafasi, akaniachia. Kuna neno moja juu ya Gibson ambalo nyote mnalijua, nalo si kweli, na mie Kokushubila ndiye niliyelitia midomoni mwenu. Sitaki afukiwe nalo. Kalamu sijui kuishika, kwa hiyo maneno ni yangu na mwandiko ni wa mjukuu wangu Hope, binti wa marehemu, aliyeandika huku analia na mara mbili akaitupa kalamu. Mwanangu Kokuberwa, mjane, hajakifungua kijitabu hiki mlichokishika. Tulipompelekea alisema kila kinachoweza kuandikwa juu ya mume wake ameshakisikia.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1965 huko Usangi, wilaya ya Mwanga, mtoto wa tatu kati ya sita wa mzee Elibariki Mshana na mama Namsifu. Wakati huo mie sikuwepo, na leo nimeapa kutosema nisiloliona, ingawa wanaonijua wanajua kiapo hicho kinaniuma kama kiatu kipya. Ila mama yake aliniambia mwenyewe kwamba mtoto huyu alizaliwa halii, mpaka mkunga akambinya. Kunyamaza alikuanza mapema.

Alisoma shule ya msingi kijijini kwao kuanzia mwaka 1973 hadi 1979, na sekondari mjini Moshi mwaka 1980 hadi 1983. Alikuwa hodari wa hesabu. Baadaye alichukua mafunzo ya ukarani hapa Dar es Salaam.

Mwaka 1986 aliajiriwa bandarini kuwa karani wa shehena, kazi ya kuhesabu magunia na makasha, na aliifanya miaka thelathini na minne hadi alipostaafu mwaka 2020. Ni kazi hiyo iliyomkutanisha na sahani. Mwaka 1988 baharia mmoja Mpoland alishuka melini shavu limevimba kama kitumbua. Gibson akampeleka Kariakoo kung'olewa jino, akamshika mkono mpaka likatoka. Baharia hakuwa na cha kumpa ila sahani ya muziki, ile nyeusi ya santuri, ndani ya jalada lenye picha ya nyumba inayotembea angani kwa miguu ya kuku. Gibson alipoisikiliza, ndiyo ikawa basi. Wengine hushikwa na pombe, yeye alishikwa na roki.

Na si roki ya kila mtu. Alikusanya za namna mbili. Moja aliiita progresivu. Wimbo mmoja unamaliza upande mzima wa sahani. Unainjika maharage, yanachemka, unayaunga nazi, yanaiva, mwimbaji bado hajafungua mdomo, wanapiga vinanda tu. Nyingine ni panki, ya vijana wenye hasira, wengine wamejitoboa pua kwa pini ya nepi. Hiyo ukipiga chafya, wimbo umekwisha. Nilimuuliza siku moja mbona anapenda vitu viwili vinavyogombana.

"Mama," alisema, "mmoja unanifundisha kungoja. Mwingine unanisemea."

Furaha hiyo ilimgharimu. Sahani moja kutoka nje, ukiweka na posta na ushuru, ilikuwa bei ya mbuzi, na mbuzi mwenyewe mwenye mimba. Ila nataka mjue: kwanza alitoa ya chakula, akatoa ya ada, akatoa sadaka. Iliyobaki ndiyo ikaenda kwa sahani. Ndiyo maana alivaa jozi moja ya viatu miaka kumi na mbili na mchana akashindia andazi. Jumapili baada ya ibada alinawa mikono kwa sabuni, akaishika sahani kwa kingo zake kama anayepokea mtoto wa siku tatu, akaifuta, akaiweka kwenye mashine, akakaa. Ikiwa ni ya panki, mtu mzima yule mwenye kitambi aliruka mara tatu, akaketi, akatuomba radhi. Nilizoea kuwaambia majirani kwamba ngoma zile ziliangusha mapapai manne na kwamba kuku walisusa kutaga siku tisa. Mapapai ni kweli mawili.

Tarehe 10 Desemba 1994 alifunga ndoa na binti yangu Kokuberwa, aliyekutana naye kwenye kwaya. Mungu akawapa Brightson mwaka 1996 na Hope mwaka 1998. Walikuwa watu wa kucheka. Kokuberwa alikuwa akipita na ndoo kichwani, wimbo ule mrefu unalia, anamwambia, "Baba Brightson, huyo akianza kuimba niite, niko Morogoro." Naye hucheka mpaka miwani inamdondoka.

Mwaka 2011 nyumba yangu ya Kamachumu, kwetu Uhayani, iliangushwa na mvua. Gibson alipanda basi mwenyewe kuja kunichukua. Nilikataa. Kwetu mama mkwe hakai kwa mkwe, hawaangaliani machoni, hawapeani mkono, na chumba cha mkwe hakikanyagwi. Kuhamia kwake ilikuwa aibu yangu ya kwanza. Alisimama uani, uso kaugeuzia migomba kama inavyotakiwa, akasema, "Mama, nyumba ni ya binti yako. Mimi pale ni mpangaji tu." Nikaenda. Miaka yote tuliyokaa pamoja, tukikutana kwenye ujia mwembamba aligeukia ukuta mpaka nipite. Mpare yule alishika mila za Kihaya kuliko wanangu wa kuzaa.

Sasa nafika nilipokuwa nazunguka.

Machi 2016 Hope alipata nafasi chuo cha uuguzi. Ada ilikuwa kubwa. Gibson akakubaliana na mkewe auze sahani zake bora kabisa, thelathini na moja, kwa mzungu mmoja wa Masaki ambaye naye alikuwa mgonjwa wa ugonjwa huo huo. Alizichagua kwa wiki mbili. Akazipanga kwenye boksi, akalifunga kamba, akaliweka karibu na mlango wa chumba chao.

Mie hayo sikuambiwa. Siku ile nilikuwa peke yangu nyumbani, nikaona mlango uko wazi na vumbi limejaa. Nikakanyaga nisipotakiwa kukanyaga. Nikaliona boksi limefungwa kamba mlangoni. Sijui kusoma, lakini boksi lililofungwa kamba na kuwekwa mlangoni nalijua: hilo linatupwa. Na nje huko Salumu, yule wa kubadilisha vyombo, alikuwa anapita na mkokoteni: "Mali kwa mali! Leta kuukuu upate kipya!"

Nikamwita.

"Bibi, hizi nini?" akauliza.

"Sahani."

"Za kulia?"

"Wewe huoni tundu katikati? Ni mifuniko ya sufuria ya Ulaya. Mvuke unatokea hapo."

"Aa, Bibi, unanipiga kamba."

"Kijana, malkia mwenyewe alifunikia wali kwa hizi."

Nikapata mabeseni mawili na hotipoti moja. Chujio la chai nililipata kwa kugomba.

Gibson alirudi kutoka kazini saa kumi na moja. Nilikuwa uani nachambua mchele. Nilimsikia anahamisha vitu chumbani. Akatoka, akaiona hotipoti juu ya meza, stika bado iko. Akaitazama. Halafu akatazama ukutani. Binti yangu akaja.

"Baba Brightson, boksi liko wapi? Mzungu si anakuja kesho?"

"Nimeziuza."

"Kwa nani?"

Akainama kufungua kamba za viatu.

"Haya, pesa iko wapi?"

"Imekwisha."

"Imekwishaje? Gibson, ada ya mtoto imekwishaje?"

 Mtu hamfichui mama mkwe wake, wala hamuulizi. Na mie pale neno lilikuwa mdomoni, ningelitema tu. Nikaogopa nitarudishwa Kamachumu, na Kamachumu sina hata ukuta. Nikalimeza.

Ningekomea hapo ningekuwa mwoga tu. Asubuhi yake Kokuberwa alinijia macho yamevimba. "Mama, wewe ndiye unashinda nyumbani. Hukuona kitu?" Nikaona akizidi kuuliza atafika kwenye mabeseni. Nikamwambia, "Mie nani hata niseme. Muulize wa Segerea."

"Wa Segerea nani?"

Hapo hapo nikamtunga. Nikamwita Lulu. Nikampa mwanya, nikampa mawigi matatu, nikasema Gibson humwendea kila Alhamisi. Nikasema nimeyasikia kwa mtu asiyesema uongo. Ndugu zangu, hadithi nyingi nimesimulia maishani, za fisi aliyebatizwa, za samaki aliyenidai chenji, na watu wanacheka na kwenda zao. Hii hakuna aliyecheka. Baada ya wiki mbili ilinirudia kutoka kwa akina mama wa jumuiya ikiwa imenenepa: Lulu ana watoto wawili, na mmoja masikio ni ya Gibson mtupu. Nilipoyasikia hayo masikio, karibu na mie niamini.

Mnajua yaliyofuata, maana mlikuwepo. Elinaza aliitwa kutoka Usangi. Wazee walikaa. Gibson alisimama mbele yao akasema, "Nimewakosea, nisameheni," akaketi. Aliulizwa habari za mwanamke, akainamisha kichwa. Akavuliwa uzee wa kanisa. Hope alikaa nyumbani mwaka mzima. Mwaka 2017 baba yake akauza sahani zote zilizobaki, na mashine, kwa bei ya kutupa, akamlipia ada. Nyumba ikawa haina muziki tena. Kokuberwa aliacha kumwita Baba Brightson. Kwa karibu miaka tisa alimwita "wewe".

Mtauliza nilijuaje kwamba yeye alijua. Salumu aliniambia. Alisema siku ya tatu tu Gibson alimtafuta mpaka akampata, wakaenda Tandika, Temeke, kwa mama lishe mmoja, wakaikuta moja juu ya sufuria imejikunja kama papa mkavu. Akainunua. Salumu akasema, "Braza, yule bibi yenu amekutia hasara, twende nikashuhudie." Naye akamjibu, "Huyo ni mama mkwe wangu. Ukipita tena, msalimie."

Mwaka 2022 figo zake zilianza kushindwa. Alitibiwa katika hospitali kadhaa hapa jijini. Kokuberwa alimwogesha, alimlisha, alimgeuza kitandani, na hakumsemesha. Nataka wanandoa mlioko hapa mfikirie hilo. Mwezi uliopita nilimpelekea uji wodini ndani ya ile hotipoti. Tulikuwa wawili tu. Akanywa, akageuza uso dirishani kwa heshima, akasema, "Mama, hotipoti hii inatunza joto. Sahani zangu hazikupotea bure." Nikajifanya nashughulika na kifuniko. Hata pale, baba wa watu ananifungulia mlango nitoke, nilishindwa kusema.

Marehemu alifariki dunia Alhamisi tarehe 13 Februari 2025, saa nne asubuhi, akiwa na miaka hamsini na tisa.

Nimeambiwa kamati imeweka wazee wawili pale kwenye lango la makaburi, kumzuia Lulu wa Segerea asije na watoto wake kutia fujo. Wazee wangu, njooni mkae kivulini. Hakuna anayekuja. Lulu hayupo Segerea, hayupo popote. Nilimtunga mimi, kwa ulimi huu, nikiwa nimekaa juu ya kigoda cha mkwe wangu na nimeshiba chakula chake.

Kokuberwa mwanangu. Mume wako hakukuibia shilingi wala hakukutoka siku moja. Alinificha mimi. Usinijibu leo, wala usinisamehe mbele za watu kwa sababu Mchungaji anakutazama. Mzigo wangu nimeshaufunga, Elinaza amesema kwao kuna chumba. Ukitaka niende nitakwenda, na ukitaka nibaki unitazame kila siku, hiyo nayo naistahili. Ila kabla hawajafunika, msogelee umwite jina lake lile la zamani. Miaka tisa amelingoja.

Wazee wa usharika, mlimvua uzee mbele ya watu. Watu ndio hawa hapa.

Marehemu ameacha mjane mmoja, Kokuberwa. Watoto wawili, Brightson na Hope. Kaka yake Elinaza na ndugu wengine wanne. Na mama mkwe mmoja asiyestahili kutajwa. Katika rasimu ya kamati chini ya majina ya watoto palikuwa pameachwa mstari mtupu, kwa watakaojitokeza. Nimemwambia Hope aufute.

Bwana ampokee mkwe wangu Gibson, ampumzishe huko kwake, maana kwake mwenyewe mie nilimnyima mapumziko.