Papa Aliyefukuliwa, na Kisiki wa Jeppestown

Julai ya 2017, baridi ya Jeppestown, Johannesburg, inang'ata mpaka kwenye fizi. Nje ya duka la ushonaji la Mama Cherehani pana benchi refu, na mbele yake Mtanzania mmoja wa Tanga anauza kahawa, wanamwita Birika. Benchi hili lina sheria moja, aliyeitunga ni Birika mwenyewe tangu misako ya polisi ya wasio na karatasi ilipozidi: hapa mtu haulizwi jina la kwao. Unapewa la kijiweni, unakunywa, basi. Leo pembe ya kushoto iko wazi. Kisiki, Mkongo aliyeikalia miaka minne, alifariki hospitalini Jumanne kwa ugonjwa wa kifua. Na kwa kuwa aliishi kwa karatasi ya Mrundi aliyekwisha rudi kwao, hospitali inamwita kwa jina la Mrundi huyo, Othmani Bakiri, na kesho atazikwa kwa jina hilo. Clémentine, mdogo wake Mama Cherehani aliyeshuka basi juzi kutoka Kongo, amekaa kizingitini na daftari. Saa kumi atapiga simu redio ya Uvira, kule Kongo, wasome tangazo la kifo, ndugu wa marehemu wasikie. Birika anamimina kahawa.

— Mi nasema kajitakia, alianza Robot, muuza chaja pale kwenye robot, taa za kuongozea magari za barabara kubwa. Unaishi kwa karatasi ya mtu, utazikwa kwa karatasi ya mtu. Mwosha huoshwa.

— Weye, wacha kuhukumu maiti, akasema Padri, mlinzi wa ghala aliyeionja seminari ya Bukavu miaka miwili. Kulikuwa Papa mumoja wa Roma, Formosus, miaka elfu na mia imepita. Balimuhukumu akiwa maiti.

— Acha kamba! akasema Robot.

— Ni histoire ya kweli. Alitawala karibu miaka ine na nusu, akakufa. Papa mwingine, Stefano, akamufukula, akamuvalisha mavazi ya upapa, akamukalisha kwenye kiti, akamushitaki.

— Kosa? akauliza Robot.

— Kuhama. Alikuwa askofu wa Porto, akaacha jimbo lake akaenda kukalia kiti cha Roma.

— Kumbe mhamiaji! alisema Mama Cherehani kutoka ndani, pini mdomoni. Na nani alimujibia?

— Shemasi mumoja alisimama pembeni, akajibu kwa niaba ya maiti.

— Eish! Maiti mwenyewe kimya? Basi kakiri huyo, akasema Robot. Kimya kingi kina mshindo.

— Labda hakukufa. Labda alikuwa anangojea kibali tu, akasema Mama Cherehani.

— Na huyu wetu je? akasema Robot. Watamfukua! Watamtia pingu, wampandishe ndege mpaka Bujumbura, mamake Othmani apokee sanduku huku mwanawe yuko jikoni anakula. Mgeni njoo, mwenyeji apone!

Hakucheka mtu.

— Mwisho wake nini, huyo Papa? aliuliza Birika.

— Balimukata vidole bitatu, bile bya kubariki, bakamutupa mutoni. Lakini kuko watu balimuokota. Stefano alinyongwa gerezani mwaka ule ule. Nyuma ya ile, Formosus akarudishwa kuzikwa na heshima kati ya mapapa wenzake.

Clémentine akaweka kalamu chini.

— Baba zangu, nimemaliza. Musikie: «Tunatangaza kifo cha marehemu Formosus, aliyeaga dunia Johannesburg...»

Robot alianza kucheka, akaishia njiani.

— Huyo si yeye, mama, akasema Padri polepole.

— Mumemutaja yeye tu tangu nikae hapa! Kwetu kila muzee ni papa. Basi wenu anaitwa nani?

— Kisiki.

— Hiyo ni ya benchi. Mama yake alimuita nani?

Hakuna aliyelijua. Birika ndiye aliyeumia kuliko wote, kwa sababu jibu lilikuja hapa hapa mwaka jana, siku ya mvua, akalifukuza.

— Alitaka kuniambia, akasema. Jina na kijiji chao, lolote likitokea. Nikamziba mdomo kwa kiganja. Nikamwambia, usiniambie, ndugu yangu, polisi wakinibana nisiwe na la kusema. Nikajiona mjanja. Mjinga mimi.

Saa kumi kasorobo. Clémentine alipiga mstari juu ya jina la Papa. Birika akamimina kahawa isiyo na sukari, ile ya Kisiki, akaiweka pembe ya kushoto.

— Geuza ukurasa, mwanangu, akasema. Andika, siku yetu ikifika majina yawepo. Mimi ni Nassir Mbwana, wa Pongwe, Tanga.

— Ezéchiel Mushagalusa, akasema Padri. Kadutu, Bukavu.

— Victorine, ilisikika sauti ya Mama Cherehani kutoka ndani. Jina ya baba unaijua.

Robot alitazama barabara kwanza, kulia, kushoto. Kisha akainama karibu na daftari, akataja lake kwa kunong'ona.